Baridi Iliyofichika Ndani ya Kauri

Juu ya meza ninapoandikia, karibu na dirisha linalotazama upande wa ziwa, kuna kidonge cha kauri chenye upana wa kifungo cha koti. Ni bariamu titaneti niliyoitengeneza kwa mikono yangu nilipokuwa nikifanya utafiti wa shahada ya uzamili. Nilipima unga wa bariamu kaboneti na wa titaniamu dioksaidi kwa mizani, nikausaga pamoja kwa kinu na mchi kwa saa nyingi, nikauchoma mara ya kwanza, nikausaga tena, nikaushindilia ndani ya kalibu ya chuma hadi ukashikana, kisha nikauingiza katika tanuri lililotakiwa kufika digrii 1300 za Selsiasi na kubaki hapo kwa saa kadhaa. Kidonge hiki hakikufaulu. Stima ilipotea tanuri likiwa limevuka digrii 1000 hivi, ikarejea usiku wa manane, na asubuhi nilipofungua mlango nilikuta vidonge 6 vilivyoiva nusu, vyepesi, vinavyoacha unga kidoleni kama chaki. Niliumia sana, kwa maana unga ule ulikuwa wa mwisho na fedha za kuagiza mwingine hazikuwapo. Nimekihifadhi kimoja kwa sababu ndugu yake, aliyechomwa ipasavyo miezi miwili baadaye, ndiye aliyenionyesha kwa macho yangu jambo ambalo tangu hapo sijaacha kulifikiria.

Ndugu huyo nilimpaka fedha ya majimaji pande zote mbili ili awe kapasita, nikamuunganisha na kipimio kwa nyaya mbili nyembamba, nikamweka ndani ya jiko dogo la umeme na kupandisha joto digrii moja baada ya nyingine huku nikiandika namba daftarini. Hadi digrii 100, uwezo wake wa kuhifadhi chaji ulipanda polepole, bila kunishtua. Baada ya digrii 110 ulianza kukimbia. Karibu na digrii 120 ulipaa kiasi kwamba nilidhani waya umelegea, nikasimamisha kazi ili nikague. Waya haukuwa na kasoro. Nilipoendelea, digrii chache tu mbele, namba zilianza kuteremka, na grafu niliyoichora jioni ile ilisimama kama jiwe la Kit Mikayi juu ya tambarare: kilele kirefu, chembamba, peke yake. Kilele hicho ndicho mpaka kati ya hali mbili za maada ileile, na ni katika mpaka wa namna hiyo ndipo kulipojificha baridi ambayo wanasayansi wamekuwa wakiitafuta kwa takriban karne moja.

Sote tunaijua mipaka ya namna hii, hata kama hatuiiti hivyo. Barafu ikiyeyuka, maji yakichemka, mafuta ya nazi yakiganda asubuhi ya baridi kule Nakuru, maada imevuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Mpaka wenyewe, zaidi ya hayo, unaweza kusogezwa. Hapa Kisumu, kwenye kimo cha takriban mita 1130 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakifika kama digrii 96. Ukipanda hadi Nakuru, kwenye kimo cha mita 1850 hivi, huchemka kama digrii 94, ndiyo sababu maharagwe hukaa jikoni muda mrefu zaidi. Maji ni yaleyale na moto ni uleule, lakini kanieneo ya hewa imepungua na mpaka umesogea nao. Ninaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu kile ambacho kanieneo hufanya kwa maji, uga wa umeme, yaani msukumo ambao chaji hupata zikiwekwa kati ya bamba mbili zenye volti, hukifanya kwa kauri yangu.

Fuwele ya bariamu titaneti imejengwa kwa visanduku vidogo visivyohesabika, kila kimoja kikiwa na upande wa karibu nanomita 0.4 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Pembeni zimekaa ioni, yaani atomu zenye chaji, za bariamu, katikati ya nyuso zimekaa ioni za oksijeni, na katikati kabisa imekaa ioni ya titaniamu. Juu ya mpaka, yaani joto linapozidi digrii 120 hivi, kisanduku kina pande zilizo sawa na titaniamu hukaa katikati, angalau kwa wastani. Joto likishuka chini ya mpaka, kisanduku hurefuka kidogo upande mmoja, kwa takriban sehemu 1 katika 100, na titaniamu huhama kutoka katikati kwa umbali wa karibu nanomita 0.01. Umbali huo ni mdogo kuliko upana wa atomu moja, ila unatosha: chaji chanya imesogea huku, chaji hasi imesogea kule, na kisanduku kimekuwa na kichwa na mkia wa umeme. Jozi hii ya kichwa na mkia huitwa dipoli. Visanduku jirani huvutana na kukubaliana mwelekeo, mabilioni kwa mabilioni, hata eneo zima la fuwele likawa na mwelekeo wa umeme pasipo mtu kuliunganisha na betri. Maada yenye tabia hii, na ambayo mwelekeo wake unaweza kugeuzwa kwa kuiwekea uga wa umeme, huitwa feroelektriki. Jina hilo huwapotosha wanafunzi wangu kila mwaka, kwa maana "fero" hutokana na neno la Kilatini la chuma, ilhali hakuna chuma ndani yake. Limetolewa kwenye mfano wa sumaku, ambayo nayo huwa na mwelekeo wake yenyewe na kuupoteza ikipashwa joto kupita kiasi.

Mwaka 1920, Joseph Valasek, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, ndiye aliyeitambua tabia hii kwa mara ya kwanza, akichunguza chumvi ya Rochelle, ambayo mwanzoni ilitengenezwa katika karne ya 17 na wauza dawa wa mji wa La Rochelle, Ufaransa, ili iwe dawa ya kulainisha choo. Chumvi hiyo ni ya ajabu hata kwa wataalamu, kwa kuwa ina mipaka miwili: ni feroelektriki kati ya digrii 18 chini ya sifuri na digrii 24 juu yake, na nje ya hapo sivyo. Bariamu titaneti ilikuja baadaye, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilipogunduliwa na watafiti wa Marekani, Urusi ya Kisovyeti na Japani bila ya mmoja kujua kazi ya mwenzake. Leo imo karibu katika kila simu na kila redio, ndani ya kapasita ndogo za kauri zilizo mithili ya punje ya mchanga.

Si kila mpaka huvukwa kwa namna moja. Lev Landau, mwanafizikia wa Kisovyeti, aliandika mwaka 1937 nadharia inayoeleza mavuko haya kwa kutumia kiasi kimoja tu cha mpangilio, ambacho ni sifuri upande mmoja wa mpaka na si sifuri upande wa pili. Na mwaka 1949 Mwingereza A. F. Devonshire aliitumia nadharia hiyo kuielezea bariamu titaneti. Kuna mavuko ya polepole, ambapo mpangilio hupungua taratibu hadi ukaisha kabisa mpakani. Na kuna mavuko ya ghafla, ambapo mpangilio hukatika kwa kuruka, kukiwa na joto fiche la kulipa, kama lile ambalo barafu hulidai ili iyeyuke. Bariamu titaneti ni ya kundi hili la pili. Nilipopasha na kupoza kidonge changu, kilele hakikutokea kwenye digrii ileile: kilitokea juu kidogo wakati wa kupanda na chini kidogo wakati wa kushuka, kana kwamba maada inasitasita kuiacha hali iliyoizoea. Kusitasita huko ni kuzuri kwa mtu anayetaka kuelewa, lakini kuna gharama yake, nami nitairudia.

Sasa nifike kwenye baridi yenyewe.

Kila maada ina kiasi kinachoitwa entropi, ambacho kwa maneno mepesi hupima ni kwa namna ngapi chembe zake zinaweza kujipanga bila sisi tunaoitazama kutoka nje kuona tofauti. Katika kauri yetu, entropi imekaa katika mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni mielekeo ya dipoli: zikielekea kila upande, mfuko umejaa, zikielekea upande mmoja, mfuko umepungua. Mfuko wa pili ni mtikisiko wa atomu, ambao ndio sisi tunauhisi kuwa joto. Nilipokuwa nikitafuta mfano wa mfuko wa kwanza niliupata kwenye mafunjo ya Dunga, ufukwe wa ziwa hapa Kisumu. Hewa ikitulia asubuhi, kila unyasi umeinamia upande wake. Upepo wa ziwa ukianza kuvuma mchana, yote huinama pamoja, na mtu aliye mbali anaona uso mmoja wa kijani ukielekea bara. Upepo huo ni uga wa umeme. Ukiuwasha uga ghafla, kabla ya joto kupata nafasi ya kuingia au kutoka, dipoli hujipanga na mfuko wa kwanza hupungua. Na kwa kuwa jumla ya mifuko miwili haiwezi kubadilika kwa muda huo mfupi, kilichotoka mfuko wa kwanza huingia wa pili. Atomu hutikisika zaidi. Kauri imepata joto bila ya kuwekwa motoni. Ukiacha joto hilo litoke, kisha ukauzima uga, dipoli hutawanyika, mfuko wa kwanza hujaa tena kwa kuchota kutoka kwa wa pili, na kauri hupoa kuliko ilivyokuwa mwanzoni. Hii ndiyo inayoitwa athari ya elektrokaloriki.

Msomaji asiye na kauri wala volti anaweza kuonja jamaa wa jambo hili kwa puto la watoto. Likate upate kipande cha mpira, kivute ghafla kwa mikono miwili, kisha kiguse mdomo wa juu papo hapo: kina joto. Kishikilie kikiwa kimevutwa hadi joto liishe, kisha kiachie kilegee na ukiguse mdomoni tena: kina ubaridi. Katika mpira, nyuzi ndefu za molekuli ndizo zinazopangwa na kutawanywa, na mkono wako ndio unaofanya kazi ya uga. Nimewafanyisha jaribio hili wanafunzi wa kidato cha tatu darasa zima, na ukimya unaotokea mpira unapogusa mdomo kwa mara ya pili ni ukimya wa watu wanaofikiri.

Friji ya kawaida hupita hatua hizohizo kwa gesi. Fundi wa friji atakueleza kwamba kompresa hubana gesi ikapata joto, joto hilo likatolewa kwenye mabomba ya mgongoni, kisha gesi ikaachiwa itanuke na kunyonya joto la ndani. Mahali pa kompresa tuweke swichi, mahali pa gesi tuweke kauri, na hesabu ni ileile. Hakuna kitu cha kuvuja. Hili si jambo dogo, kwa maana gesi nyingi zinazotiwa ndani ya friji na viyoyozi vyetu hupasha angahewa joto mara mamia au zaidi ya elfu kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi, na ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwezi wa Oktoba mwaka 2016 na kukubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua.

Kwa nini basi hatuna friji hizo? Jibu limo katika kile kilele cha grafu yangu. Mbali chini ya mpaka, dipoli tayari zimejipanga zenyewe, na uga ukija hauna kazi kubwa ya kufanya. Mbali juu ya mpaka, mtikisiko wa joto umezidi nguvu, na uga hauwezi kuzishawishi dipoli zisimame pamoja. Ni pale mpakani tu, ambapo maada imegawanyika kati ya kujipanga na kutojipanga, ndipo msukumo mdogo huleta badiliko kubwa. Wanaofanya hesabu husema hivi: ubaridi unaopatikana hutegemea jinsi mpangilio wa dipoli unavyobadilika kwa haraka kadiri joto linavyobadilika, na haraka hiyo ni kubwa kabisa kwenye mpaka. Kwa hiyo baridi ipo, lakini inakaa katika ukanda mwembamba, na kwa bariamu titaneti halisi ukanda huo uko digrii 120, mahali ambapo hakuna anayehitaji kuhifadhi samaki.

Historia ya jambo hili ni historia ya subira. William Thomson, ambaye wengi humjua kwa jina la Lord Kelvin, alilitabiri kwa hoja za thamodinamiki, yaani sayansi ya joto na kazi, mwaka 1878. Mwaka 1930, Igor Kurchatov, yuleyule ambaye baadaye aliongoza mradi wa nyuklia wa Wasovyeti, pamoja na mwenzake P. Kobeko, waliripoti kuliona katika chumvi ya Rochelle. Mwaka 1963, Wiseman na Kuebler waliipima chumvi hiyohiyo kwa uangalifu karibu na mpaka wake wa juu, wakapata badiliko la digrii 0.0036. Ninaipenda namba hiyo. Kuna watu waliokaa maabara siku nyingi, wakalinda vifaa vyao dhidi ya kila upepo na kila mkono wa joto, ili waweze kusema kwa uhakika kwamba kitu kimepoa kwa chini ya nusu ya sehemu moja katika mia ya digrii; na bila uangalifu wao wa namna hiyo, waliokuja baadaye wasingekuwa na pa kuanzia.

Kisha mwaka 2006 kikundi cha watafiti wa Uingereza, akiwemo Neil Mathur wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kilitangaza badiliko la digrii 12 katika utando wa risasi, zirkoniamu na titaniamu wenye unene wa nanomita 350 tu, kwa kutumia volti 25. Siri ilikuwa unene. Uga wa umeme ni volti zikigawanywa kwa unene, na utando mwembamba hustahimili uga mkubwa ambao ungekipasua kidonge kama changu kwa cheche. Hata hivyo badiliko hilo lilitokea karibu na digrii 222, na halikupimwa kwa kipimajoto bali lilikokotolewa kutokana na vipimo vya umeme. Miaka miwili baadaye, kikundi cha Qiming Zhang katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kilionyesha badiliko la kiasi hichohicho katika polima, aina ya plastiki, karibu na digrii 70. Mpaka ulikuwa umeanza kuteremka kutuelekea.

Nikiri kwamba hapa ndipo moyo wangu uliposhikwa, kwa sababu niliposoma habari hizi nilikuwa nikienda Dunga kila Jumamosi kununua samaki aina ya ngege. Mama mmoja ninayenunua kwake huweka samaki ndani ya sanduku la boksi jeupe lililotiwa barafu iliyopondwa, barafu inayoletwa kutoka mjini kwa bodaboda. Siku moja ya Februari, jua likiwaka, alinifunulia sanduku nikaona maji tu chini ya mbuta wawili wakubwa.

"Mwalimu, unaona? Hata saa sita haijafika," aliniambia. "Sasa hawa nitawapeleka kwa moshi, na bei yake si hii."

Kilichokuwa kikimlindia samaki wake ni mvuko wa hali: kila kilo moja ya barafu hunyonya kilojuli 334 ili igeuke maji, na ikishageuka kazi yake kubwa imekwisha. Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu. Kilo moja ya bariamu titaneti hujaza nafasi isiyozidi kikombe cha chai, kwa maana ni nzito mara 6 kuliko maji. Ili ipande au ishuke digrii moja huhitaji takriban kilojuli 0.45. Tuseme tumeipata aina inayobadilika kwa digrii 5 karibu na joto la kawaida. Basi kila tukiwasha na kuzima uga, itabeba kilojuli 2 na robo. Ili kulingana na kilo moja ya barafu italazimika kuwashwa na kuzimwa karibu mara 150. Kwa hesabu ya darasani, isiyohesabu hasara yoyote, mara moja kwa sekunde 2 ingetosha kumaliza kazi ya kilo hiyo ya barafu katika dakika 5, na baada ya hapo ingeanza upya, mchana kutwa, mradi umeme upo. Umeme wenyewe, kwa sehemu kubwa, haupotei: kauri ni kapasita, na chaji inayotoka kwenye kipande kinachozimwa inaweza kuelekezwa kwenye kipande kinachowashwa. Niliirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea.

Kosa halikuwa katika hesabu. Ugumu uko kwingine, na ni wa kweli. Kwanza, samaki hawezi kukaa digrii 25. Anahitaji kuwa karibu na sifuri, ilhali badiliko la digrii 5 linatoka digrii 30 hadi 25 tu. Inabidi vipande vingi vipangwe mfululizo, na kimiminiko kisukumwe mbele na nyuma kati yake kwa mpigo mmoja na uga, ili kila kipande kianze pale ambapo jirani yake ameishia. Pili, utando mwembamba una uga mkubwa lakini hauna uzito wa kubeba joto, na kidonge kinene kina uzito lakini hakistahimili uga; suluhisho lililofanya kazi ni kupanga mamia ya matabaka membamba juu ya mengine kama chapati, metali katikati ya kila mawili, yaani kapasita ya matabaka mengi kama zile zilizomo ndani ya simu. Tatu, kule kusitasita nilikokutaja hugeuka kuwa joto lisilotakiwa kila mzunguko, likila sehemu ya baridi tuliyoifanyia kazi. Nne, kauri inayowekewa na kuondolewa uga mkubwa mara milioni nyingi hupata nyufa.

Na tano, mpaka wenyewe lazima uletwe mahali tunapoishi, kisha upanuliwe. Kuuleta si kazi ngumu sana, nalo ni jambo ninaloliona kuwa zuri kuliko yote katika kemia ya kauri: ukiondoa sehemu ya bariamu na kuweka strontiamu, mpaka huteremka kwa zaidi ya digrii 3 kwa kila sehemu 1 katika 100 unayobadilisha, na ukifika karibu 30 katika 100 mpaka umeshafika kwenye joto la mchana wa Kisumu. Kuupanua ndiko kugumu. Wanaofanya hivyo huvuruga fuwele kwa makusudi, wakichanganya ioni za aina tofauti katika nafasi zilezile, kwa mfano zirkoniamu mahali pa titaniamu, hadi kilele chembamba kikaporomoka na kuwa kilima kipana, na kila eneo dogo la maada likawa na mpaka wake. Kimo hupungua, upana huongezeka. Maada za namna hii huitwa rilaksa, na nadhani tumaini la nchi za joto kama yetu liko kwazo zaidi kuliko kwa zile zenye kilele kirefu, kwa kuwa sanduku la samaki linalotoka kwenye kivuli kwenda juani halikai digrii moja.

Hatua zimepigwa. Mwaka 2020 watafiti wa Luxembourg walionyesha kifaa chenye tofauti ya digrii 13 kati ya ncha yake ya joto na ya baridi, na mwaka 2023 walifika digrii 20.9, wakiwa na uwezo wa kupoza wa wati 4.2 na ufanisi wa hadi asilimia 64 ya kile ambacho kanuni ya Carnot, inayoweka kikomo cha ufanisi wa mashine yoyote ya joto, inaruhusu. Wati 4.2 ni kidogo, ni kama chaja ndogo ya simu. Lakini asilimia 64 ni kubwa, kubwa kuliko ile ya friji zilizomo majumbani mwetu. Lililobaki kunisumbua ni kwamba kauri waliyoitumia ina risasi ndani yake, pamoja na skandiamu na tantalamu, ambazo ni ghali. Sitaki kuona risasi ikiletwa ufukweni karibu na chakula, halafu vifaa vikishakufa vitupwe penye maji. Kwa sababu hiyo nimeshikilia bariamu, hata kama ubaridi wake ni mdogo.

Mwezi uliopita nilinunua katika duka la vifaa vya elektroniki hapa mjini kapasita chache za kauri za matabaka mengi, za ile daraja ambayo mpaka wake umewekwa karibu na joto la kawaida na ambayo mafundi huiepuka kwa kuwa thamani yake hubadilika mno joto likibadilika. Kasoro inayowakimbiza mafundi ndiyo niliyoitaka mimi. Nilichagua moja, ndogo kama punje ya mchele, nikaibandika kwenye waya wa kupimia joto mwembamba kama unywele, nikaifunika kwa kikombe cha boksi jeupe ili upepo wa dirishani usiifikie. Mwenzangu tunayefundisha naye alisimama upande wa swichi, mimi upande wa kipimio, saa kumi alasiri, chumba kikiwa digrii 28.4.

Alipowasha volti 200, namba ilipanda hadi 28.7, kisha ikaanza kuteremka yenyewe, pole, hadi 28.4 ilikotoka. Tulisubiri dakika nzima bila kusema neno. Alipozima, namba ilishuka hadi 28.1, chini ya joto la chumba, bila gesi, bila kompresa, bila kitu chochote kuzunguka. Ilikaa hapo kwa muda usiozidi pumzi mbili, ikaanza kurudi.

"Hebu, Mwalimu," akasema, mkono ukiwa bado juu ya swichi, "turudie."